Mlingoti Mmoja Mbio, Miwili Kutembea

Asubuhi ya tatu Irungu hakuja pia.

Kavutha alisimama chini ya mlingoti wa kwanza wa stima, pale ukuta wa nyumba za reli za Makongeni unapoishia, akaegemeza bega kwenye mti ule uliopakwa lami. Mti ulikuwa na umande. Taa za mabasi zilipita Jogoo Road, moja baada ya nyingine, zikielekea mjini.

Alikuwa amechoka. Jana alisimama kwa muda wa saa tisa nzima katika chumba cha kufulia cha reli, akipiga pasi mashuka ya mabehewa ya kulala yaliyorudi kutoka Mombasa, na vidole vyake bado vilinuka mvuke. Lakini uchovu huo aliuzoea. Uliomwelemea ni wa kungoja, kwa sababu aliulala nao na kuamka nao.

Hatua chache kutoka pale, kina mama walikuwa wamepanga madebe yao kwenye foleni ya mfereji.

"Kavutha!" aliita Khadro, mke wa dereva wa treni, mwanamke aliyependa utani hata kabla ya chai. "Mwanafunzi wako ametoroka shule?"

"Labda amepewa zamu ya mapema, Mama Magan."

"Zamu gani? Jana jioni nimemwona amekaa mlangoni na malapa, anatazama vidole vyake vya miguu kama vimemkosea."

Kina mama walicheka. Kavutha naye alijaribu kucheka ili wasimtazame zaidi.

Miezi mitatu kabla ya hapo Irungu hakujua kukimbia. Alikuwa fundi wa breki za mabehewa kwenye karakana ya reli, mwanamume mnene, mpole, aliyefiwa na mkewe miaka minne iliyopita na kubakiwa na binti mmoja, Lydiah, aliyekuwa katika shule ya bweni huko Murang'a. Daktari wa zahanati alimpima akamwambia, "Baba Lydiah, una miaka arobaini na miwili na presha ya mtu wa sabini. Anza kuutembeza huo mwili." Irungu alinunua raba nyeupe siku hiyohiyo. Kesho yake alfajiri akatoka mbio kama mtu aliyeachwa na treni.

Alifika mlingoti wa nne. Kavutha alipotokea mferejini na debe lake kichwani, alimkuta ameukumbatia kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, mdomo wazi.

"Nani anakufukuza?" Kavutha aliuliza.

"Daktari," alijibu Irungu.

Kavutha alitua debe akampa maji. Kisha, kwa kuwa mtu yule alionekana angekufa kwa kutii, alimweleza aliyoyakumbuka kutoka shule ya Kangundo, alikokuwa akikimbia maili moja mpaka baba yake alipofariki na masomo yakaishia hapo.

"Mlingoti mmoja mbio, miwili kutembea. Wiki mbili hivyo hivyo, hata ukijiona una nguvu. Halafu miwili mbio, miwili kutembea. Usikanyage kwa kisigino kama unaua mende. Mabega yaache yaanguke. Na uongee."

"Niongee?"

"Ukishindwa kuongea, umekwenda kasi. Punguza."

"Niongee nini sasa, dada, na sina mtu?"

Hivyo ndivyo Kavutha alivyoanza kuamka saa kumi na moja. Irungu aliongea. Mwanzo alieleza breki zinavyofanya kazi, jambo ambalo Kavutha hajalielewa hata leo. Akaja kueleza barua za Lydiah. Wiki ya tano akaeleza juu ya marehemu mkewe, polepole, mlingoti kwa mlingoti. Baadaye Kavutha aligundua kitu ambacho hakumwambia mtu: kwamba mwanafunzi wake alikuwa sasa anakimbia milingoti mitatu na pumzi zake zimetulia, lakini wakianza kutembea, akigeuka kumtazama, zinampotea.

Mwezi wa pili wa mbio, Irungu alimwomba Kavutha ampeleke kwa mama yake akapose.

Nthambi, mama yake Kavutha, alimsikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. "Wewe si mtu mbaya," alimwambia. "Lakini sisi ni Wakamba, na wazee wa kwenu Wakikuyu, sijui tutaongea nao lugha gani. Na una presha. Mimi nimezika mume mmoja wa reli. Sitaki kukaa hapa nione binti yangu akizika mwingine."

Tangu siku hiyo, kila alfajiri alipokuwa akienda kupanda basi la Gikomba kununua mboga za kuuza, Nthambi alikutana nao njiani. Alisimama mbele ya Irungu, akamkazia macho, akasema neno moja: "Bado." Kisha akaenda zake. Irungu naye akajibu, "Nimesikia, mama," akaendelea kukimbia.

Sasa ilikuwa asubuhi ya tatu bila Irungu. Jumatatu Kavutha mwenyewe hakuja, alikuwa zamu ya alfajiri. Jumanne alidhani Irungu amelala. Jumatano alikasirika. Leo Alhamisi hasira ilikuwa imekwisha na hofu imebaki. Aliuacha mlingoti, akapita mbele ya foleni ya mfereji huku Khadro akimsindikiza kwa macho, akaingia safu ya tatu ya nyumba.

Mlango wa Irungu ulikuwa wazi. Wakiuru, dada yake mkubwa aliyemtunzia nyumba, alikuwa amechuchumaa nje akipepea jiko.

"Umekuja kumchukua akakimbie mpaka Machakos?"

"Habari ya asubuhi, dada Wakiuru."

"Ya asubuhi mbaya. Ndugu yangu hali chakula. Nimempikia mukimo, anaugusagusa na kijiko kama ni wa wageni. Nimemwambia, tangu uanze kula muthokoi wa Wakamba, chakula cha kwenu kimekushinda."

"Sijawahi kumpikia muthokoi."

"Ungempikia ningejua pa kuanzia kulaumu." Wakiuru aliweka pepeo chini, akamtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa moshi. "Mimi sina neno na wewe, Kavutha. Umempunguza mpaka suruali zake zote nimezishona upya. Usiku halalamikii kichwa tena. Lakini kamuulize mama yako alichomfanyia Jumatatu."

"Mama? Amemfanyia nini?"

"Muulize. Mimi nikisema nitaongeza chumvi."

Irungu alitokea mlangoni. Alikuwa amevaa kaki zake za kazi, na mkononi alishika bahasha. Siku tatu zilikuwa zimemwekea kitu cheusi chini ya macho. Alimtazama Kavutha, akatazama chini haraka.

"Kavutha."

"Baba Lydiah." Kwa kawaida alimwita Irungu. Leo jina la majirani ndilo lililomtoka, na aliona jinsi lilivyomuuma. "Hiyo ni nini?"

"Fomu ya uhamisho. Voi wanataka fundi wa breki. Karani anazikusanya leo saa mbili. Ndiyo mwisho."

"Voi."

"Wanasema hewa ya kule ni kavu. Ni nzuri kwa presha."

Wakiuru alicheka kwa pua, akaendelea kupepea.

"Ulikuwa uniambie lini?" Kavutha aliuliza.

"Ningekuandikia."

"Barua? Kutoka safu ya tatu mpaka safu ya tano?"

"Kutoka Voi."

Kavutha aliitazama bahasha. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alishaachwa mara moja, zamani, na yule naye alisema ataandika. Alitaka kugeuka aende zake, ampe Khadro kitu cha kucheka wiki nzima, kisha aende kupiga pasi mashuka ya watu waliolala vizuri. Badala yake alisema, "Vaa raba."

"Kavutha, nimechoka."

"Hata mimi nimechoka. Hatukuwa tukikimbia kwa sababu tuna nguvu. Vaa raba twende mpaka Stadium turudi. Tukifika hapa bado unataka kwenda, sanduku lako nitalibeba mwenyewe mpaka stesheni."

"Na kazi je?"

"Sasa hivi hata saa kumi na mbili haijafika. Mpaka saa mbili utakuwa umeoga na kunywa chai."

Irungu alisimama. Wakiuru, bila kuinua kichwa, alinyoosha mkono akaivuta bahasha kutoka vidoleni mwake. "Nenda," alisema. "Hii haitakimbia."

Walianza mlingoti wa kwanza. Raba za Irungu zilipiga lami kwa kisigino, pa, pa, kama siku ya kwanza kabisa. Kavutha hakumrekebisha. Asubuhi ilikuwa ya kijivu, na kutoka upande wa viwandani upepo ulileta harufu ya sabuni inayochemshwa.

"Ongea," alisema Kavutha.

"Siwezi kukimbia na kusema hili."

"Basi subiri tutembee."

Walifika mlingoti wa pili wakapunguza. Irungu alikuwa anahema zaidi ya ilivyompasa.

"Jumatatu nilikimbia sita," alisema.

"Sita?"

"Bila kusimama. Nilianzia pale pako, nikasema nitaongeza mmoja tu, nikaongeza mwingine. Nilikuwa naongea peke yangu, kwa sababu wewe hukuwepo. Nilijisomea majina ya stesheni zote mpaka Kisumu. Watu wa basi walinitazama." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaondoka. "Nilitaka nikwambie jioni. Nilikuwa na furaha kama mtoto."

"Halafu?"

"Mbio kwanza. Mlingoti umefika."

Walikimbia. Kavutha alipunguza mwendo ili asimwache. Bega lake liligusa la Irungu mara moja, na wote wawili wakasogea kando kama walioungua. Alijiuliza, Voi kuna mwanamke gani atakayekubali kuamka saa kumi na moja kumsikiliza mtu akieleza breki? Kisha akajijibu kwamba atapatikana.

Walipoanza kutembea tena walikuwa wamefika kwenye ua wa michongoma wa Kaloleni. Irungu alisimama kabisa.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Mimi natoka kule, yeye anatoka huku. Nikajiambia, leo akisema 'bado', nitamjibu 'sita'. Ajue kwamba simtanii. Alikuwa mbali, kama kutoka hapa mpaka ule mlingoti. Aliponiona akasimama. Akavuta leso akajifunika kichwa, na uso wote. Akaacha barabara. Akaenda pale kwenye ua, akanigeuzia mgongo, akasimama akitazama majani."

Kavutha aliutazama ua ule.

"Nikapita karibu yake. Nikasema, 'Mama, habari ya asubuhi.' Kimya. Nikarudia. Akazidi kujisukuma kwenye michongoma mpaka mwiba ukamshika leso, na hakuutoa. Kama mtu aliyeona kitu kinachonuka."

"Alijifunika uso wote?" Kavutha aliuliza.

"Nimesema wote."

"Akatoka barabarani kabla hujamfikia?"

"Kabla. Kavutha, usiniulize kama karani. Inatosha kwamba nimeiona." Sauti yake ilishuka. "Mke wangu alipougua, mwaka ule wa mwisho, watu tuliokuwa tukila nao walianza kupita upande wa pili wa barabara. Waliogopa, sijui waliogopa nini. Nilikuwa nikimshika mkono kwenda zahanati, naona mtu anatuona, anageuza uso. Najua mgongo wa mtu ulivyo. Sikumlaumu mama yako kwa 'bado'. 'Bado' ningeweza kuishi nayo hata miaka kumi, kwa sababu anayekwambia 'bado' anakuona. Lakini hii... hii nimeona siwezi. Ningekuoa, halafu kila siku mama yako ajifunike. Siwezi tena, Kavutha. Nimechoka."

Kavutha alitafuta mahali pa kukaa. Hapakuwa na mahali ila jiwe la mpaka kando ya barabara, akakaa hapo. Aliweka mikono usoni. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Usilie," alisema Irungu, akiwa amesimama mbele yake bila kujua mikono aiweke wapi. "Sikukwambia ili ulie."

Kavutha aliinua uso. Alikuwa analia, ni kweli, lakini alikuwa pia anacheka, na vyote viwili vilikuwa vinashindana.

Irungu alirudi nyuma hatua moja. "Unanicheka."

"Subiri. Subiri nipate pumzi."

"Nimekaa siku tatu sili, na wewe unanicheka."

"Irungu, keti."

"Sitaki kuketi."

"Basi simama unisikilize. Mama akimchukia mtu, humtazama. Humtazama mpaka huyo mtu atafute njia nyingine. Wewe amekutazama muda wote huo, sivyo? Kila asubuhi, macho kwa macho."

"Kila asubuhi."

"Sasa sikiliza. Kwetu Ukambani, mwanamke hakutani uso kwa uso na mume wa binti yake. Akimwona njiani, anaacha njia. Anajifunika. Hampi mkono, hali naye meza moja. Ni nthoni. Ni haya, ni heshima, sijui kwa Kiswahili niiite nini ikutoshe. Ndivyo anavyomwonyesha kwamba ni mkwe."

Irungu alimkodolea macho.

"Baba yangu alikuwa gadi wa treni," Kavutha aliendelea. "Mtu wa filimbi na kofia, hata wakubwa wake walimwogopa. Nilimwona kwa macho yangu, mimi nikiwa darasa la nne, akiruka ukuta wa kanisa la Kangundo na suti yake ya Krismasi, kwa sababu nyanya, mama wa mama yangu, alikuwa anapanda ngazi."

"Wakati huo walikuwa wameoana miaka mingapi?"

"Mingi. Sisi watoto tulikuwa watatu."

"Na aliruka?"

"Akachana suruali."

Irungu aliketi. Hakuchagua mahali, aliketi tu kwenye nyasi kando ya jiwe, na kaki zake zikalowa umande. Basi lilipita, likasimama, likaondoka.

"Sisi pia tunamheshimu mama mkwe," alisema hatimaye, kama anayejitetea. "Lakini tunamsalimia."

"Ninyi mnamsalimia. Sisi tunamkimbia."

"Kwa hiyo Jumatatu..."

"Jumatatu ulikuwa mkwe wake. Alikwambia wewe kabla ya mtu yeyote. Kabla yangu."

"Kwa nini asikwambie wewe? Mnalala nyumba moja."

"Binti haambiwi. Anatafutwa mjomba, mjomba anatafuta wazee, na binti anasikia akiwa jikoni. Mama amekaa siku tatu bila kutaja jina lako. Nami nilidhani amefurahi kwamba umeacha kuja."

Irungu alijifuta uso kwa kiganja. Alipoushusha mkono, alimtazama Kavutha kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama wakiwa wameketi. Kavutha alijua nywele zake hazijachanwa, na kwamba blauzi aliyovaa ilikuwa ya kuoshea vyombo. Hakugeuza uso.

"Mama yako amesema," alisema Irungu. "Wewe hujasema. Miezi yote hii mimi ndiye naongea."

"Ulikuwa ukiongea kwa sababu ya presha."

"Kavutha."

Alitazama mikono yake, ngozi iliyokuwa ngumu kwa pasi. "Mimi nimeamka saa kumi na moja miezi mitatu," alisema polepole, "na mimi sina presha."

Irungu alifungua mdomo. Pumzi zilikuwa zimempotea.

Ndipo Kavutha alipomwona mama yake. Alikuwa anatokea upande wa Makongeni na kiondo begani, akitembea kwa ule mwendo wake wa kuinamia goti la kushoto. Alikuwa bado mbali, kichwa chini.

"Inuka," Kavutha alinong'ona. "Toka barabarani."

"Nani, mimi?"

"Wewe! Usimwache yeye aingie kwenye miiba tena, ana goti baya. Haraka!"

"Niende wapi?"

"Popote! Mtaroni!"

Irungu aligeuka kulia, akageuka kushoto. Kisha fundi wa breki wa miaka arobaini na miwili akajitupa mtaroni kando ya barabara kama gunia la makaa. Maji yaliruka. Kavutha alisikia neno moja la Kikikuyu ambalo hakulijua, na hakutaka kulijua.

Nthambi alifika. Alikuwa ameshavuta leso mpaka kwenye paji la uso, na jicho moja lilichungulia barabara. Alimwona binti yake peke yake. Leso ikateremka taratibu mpaka mabegani.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mwaitu."

Nthambi aliutazama mtaro. Ncha ya raba nyeupe ilionekana juu ya nyasi, na ilikuwa inatetemeka.

"Naona," alisema.

Aliupa mtaro mgongo, akatua kiondo chini, akakandakanda kiuno chake. Kavutha aliona jinsi mama yake alivyozeeka mwaka huu. Alionekana kama mtu aliyetoka kazini, si anayekwenda.

"Siku tatu sijamwona yule mtu," Nthambi alisema, akiitazama barabara ya mjini. "Sitaji jina, wewe wamjua. Nikasema ni ile presha. Nimekuwa nikipita hapa na moyo mkononi, naogopa nisije nikakuta watu wamesimama duara. Nikauliza mferejini, Khadro akaniambia amekaa tu mlangoni. Nikashukuru Mungu."

"Alidhani umemchukia."

"Mimi?" Nthambi aligeuka nusu, akakumbuka, akarudi alipokuwa anatazama. "Nilijificha kwenye miiba kwa ajili yake. Leso imetoboka. Alitaka nifanye nini, nipande juu ya mti?"

Mtaro ulikohoa.

"Hakujua, mwaitu. Kwao wanasalimiana."

Nthambi alilitafakari hilo. Hakucheka. "Basi kosa ni langu," alisema. "Nilimwendea kwa desturi asiyoijua." Alishika tena kiuno. "Nilichoka kukataa, Kavutha. Kumwambia mtu neno lilelile kila asubuhi ni kazi. Na yeye kila asubuhi anakuja kulichukua, jua, mvua, anaitika anaendelea. Nikasema, mtu anayeng'ang'ania kuishi namna hii, mimi ni nani nimhesabie siku?"

Kavutha alitaka kumshika mkono. Mama yake alishainama, anachukua kiondo.

"Mjomba wako Kiilu anafika Jumapili kutoka nyumbani. Mwambie huyo mtu aje na mzee mmoja wa kwao, anayejua Kiswahili cha kueleweka. Mimi nitakuwa chumba cha nyuma. Na mwambie asikae tena siku tatu bila kukimbia."

"Nitamwambia."

"Mwambie..." ilitoka sauti mtaroni, nzito, yenye matope. "Kavutha, mwambie nimesikia."

Nthambi alivuta leso usoni haraka. Lakini Kavutha alikuwa karibu, akaona pembe ya mdomo wa mama yake kabla haijafunikwa. Nthambi akaondoka na goti lake, kuelekea kituo cha basi, hakugeuka nyuma.

Kavutha alingoja mpaka basi lilipomchukua. Kisha akaenda ukingoni. Irungu alikuwa amekaa ndani ya maji yaliyofika vifundo vya miguu, mgongo kwenye ukuta wa udongo, ametazama juu. Uso wake ulikuwa na tope kutoka paji mpaka kidevu. Machozi au maji yalikuwa yamechora mistari miwili katikati.

"Umeumia?"

"Sijui. Miguu imekataa."

Alimpa mkono. Irungu aliushika kwa mikono yake miwili, akapanda, akateleza, akapanda tena. Aliposimama barabarani, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kaki za kazi, hakuuachia. Upande wa Makongeni milango ilikuwa inafunguliwa, watu wanatoka kwenda kazini, na wawili watatu walikuwa wameshaanza kuwatazama.

"Watu," alisema Kavutha.

"Nawaona." Bado hakuuachia. Alivuta pumzi, moja ndefu, akaitoa. "Wakiuru akitaka kuwashia jiko na ile fomu, awashe. Voi watapata fundi mwingine."

Kavutha aliitikia kwa kichwa.

"Jumapili," alisema Irungu, "nije saa ngapi?"